Chumvi ya Siyu-Dodori

Sanduku liko kwangu, uvunguni mwa ulili wa mama.
Bati, rangi ya kijani iliyochujuka,
tundu la kura juu yake, jembamba
kama jicho la mtu asiyeamini.
Ndani naweka mbegu za mabamia na vyeti vya watoto.
Ubavuni, ukisugua kwa ndimu, inatokea picha ya kinu.
Hicho ndicho kilichosalia cha Jimbo la Siyu-Dodori.

Lilizaliwa mezani.
Bwana Hakinsi alikuja na ramani na rula,
akaweka kikombe cha chai juu ya bahari isipeperuke,
akapiga mstari. Hakuuliza njia.
Mstari ukapasua minazi,
ukalikata kaburi la Shee Kupi, kichwa huku, miguu kule,
ukaingia jikoni kwa Mwana Zena bila hodi, ukatokea uani.
Tangu siku ile alipika jimbo hili, akala jimbo la pili.
"Mpaka," akasema, "mpaka lini?"
Akaumwagia maji ya mchele.

Baba ndiye aliyekuwa karani wa daftari.
Safu mbili: wanaosoma, wasiosoma.
Akaja Mwalimu Bwanaheri Shali,
aliyenakili vitabu vya watu kwa wino wa kujipikia mwenyewe,
akaandika jina lake kwa hati nzuri, kutoka kulia.
Bwana Hakinsi akalitazama kama nyayo za kuku.
"Huyu hasomi. Gumba."
Baba alisema hadi kufa kwake
kalamu haikuwahi kumlemea vile.
Mwalimu akachovya gumba, akalinusa.
"Wino wenu una maji mengi," akasema. "Hautadumu."

Wagombea wawili: Avae Fumo, kinu;
Shekuwe Bwanaadi, taa ya chemli.
Usiku karatasi zikabandikwa ukutani mwa ngome.
Watu wa kinu wakaandika:

    Taa yenu yenye moshi, yamulika kitu gani?
    Giza lenu haliishi, ingawa mwawasha ndani.

Kabla ya alfajiri, chini yake, kwa mkaa:

    Kinu chatwanga kelele, mchele hatuuoni,
    Mwatwanga hewa milele, unga haufiki jikoni.

Siku ya kura maji yalikupwa, mfereji ukabaki tope.
Masanduku hayakutoka.
Baba alilala juu yake usiku kucha, mbu wakimpigia kura mgongoni.
Kinu, mia moja na kumi na nane.
Taa, mia moja na kumi na saba.
Moja iliharibika:
mtu aliandika juu yake, kutoka kulia, kwa hati nzuri.
Haikusomwa. Hakukuwa na mtu mezani
aliyeruhusiwa kujua kusoma.

Ukaja muhula wa pili. Avae akachinja ng'ombe,
Shekuwe, asishindwe, akachinja wawili.
Tulikula siku tatu. Hata Mwana Zena alikula,
akiuvuka mstari na sinia kichwani.
Siku ya nne baba alitumiwa tambuu kutoka Amu,
zimefungwa katika ukurasa wa gazeti la serikali.
Akakunjua. Akavaa miwani.
Jimbo la Siyu-Dodori lilikuwa limefutwa
tangu mwezi wa Rajabu. Na sasa tulikuwa Mfungo Mosi.
Mistari minne, katikati ya mnada wa matrekta
na mbwa aliyepotea wa afisa fulani.

Baba hakumwambia mtu mpaka alasiri.
Alitafuna tambuu zote, moja moja,
kisha akatoka, midomo myekundu,
akawaambia wagombea waliokuwa wakidaiwa nyama
ya kiti kisichokuwepo.
Shekuwe alicheka hadi akakaa chini.
Avae aliuliza: "Na sanduku?"
"Sanduku," baba akasema, "hawakulitaja."

Mwana Zena alipoambiwa, alikuwa akikoroga mchuzi wa kunde.
Akauchota, akauonja pale pale jikoni,
kisha akaenda uani, akauonja tena.
"Chumvi ni ile ile," akasema,
akarudi kupuliza moto.